Baraza Huru la Rufani za Pensheni za Wanajeshi Wastaafu: Jalada, Ushahidi na Umbali kwa Mdai wa Kagerankanda, Kigoma

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna baraza huru la rufani za pensheni za wanajeshi wastaafu linavyoweza kuundwa nchini Tanzania, kwa kutumia mazingira ya Kagerankanda na nyanda za juu za Kasulu na Kibondo kuwa kipimo cha ufaafu wake. Hoja ya msingi ni kwamba uhuru wa baraza la namna hii hautokani tu na namna wajumbe wanavyoteuliwa. Unategemea zaidi mambo mawili: nani anayelishika jalada la utumishi, na nani anayebeba mzigo wa kuthibitisha yaliyomo au yasiyomo ndani yake. Baraza litakaloundwa bila kuyagusa mambo hayo litakuwa na mwenyekiti huru na mdai asiye na la kusema. Makala yanapitia njia za kisheria zilizopo, yanachambua uzoefu wa Uingereza, Marekani, India na Afrika Kusini, na kupendekeza muundo unaoweza kumfikia mdai aliye mbali na makao ya serikali.

Maneno muhimu: pensheni, rufani, haki asili, mzigo wa uthibitisho, wanajeshi wastaafu, Kigoma.

1.0 Utangulizi

Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliundwa rasmi tarehe 1 Septemba 1964, miezi michache baada ya maasi ya wanajeshi wa Tanganyika Rifles ya Januari mwaka huo. Miaka 14 baadaye, mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalivamia eneo la Kagera, na vita vilivyofuata vikaifikisha JWTZ Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Ili kuvipigana vita hivyo, jeshi lilipanuliwa haraka kwa kuwaingiza makumi ya maelfu ya askari wa mgambo kutoka mikoa mbalimbali. Baada ya vita, wengi wao walirudishwa vijijini. Kwa hiyo Tanzania ina makundi mawili ya watu waliovaa sare moja: wanajeshi wa kudumu, ambao utumishi wao unatawaliwa na sheria na kanuni za pensheni, na wale waliotumika kwa muda, ambao uhusiano wao na jeshi ulikoma bila utaratibu wa malipo ya uzeeni.

Kagerankanda ni eneo la mashamba na msitu wa hifadhi wa Makere Kusini wilayani Kasulu, kwenye nyanda za juu zinazoelekea Kibondo. Wakazi wake hulima mahindi, maharage na mihogo, na kwa miaka mingi wameishi na mgogoro wa mipaka kati ya mashamba na hifadhi. Eneo hili limechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, jeshi si jambo geni katika nyanda hizi: kambi za Jeshi la Kujenga Taifa za Mtabila, wilayani Kasulu, na Kanembwa, ambayo kabla ya wilaya ya Kakonko kuanzishwa ilikuwa Kibondo, ni sehemu ya maisha ya kila siku. Pili, eneo hili lina vikwazo vyote vinavyoweza kumkabili mdai wa pensheni: umbali, gharama za safari, upungufu wa mawakili na udhaifu wa kumbukumbu za maandishi. Utaratibu wa rufani utakaofaa Kagerankanda utafaa karibu popote nchini, ilhali utaratibu uliobuniwa kwa ajili ya mdai wa Dodoma au Dar es Salaam hauna uhakika wa kufaa Kagerankanda.

2.0 Njia zilizopo kwa mdai

Utumishi wa kijeshi nchini Tanzania unatawaliwa na Sheria ya Ulinzi wa Taifa, Sura ya 192, ambayo ilitungwa mwaka 1966, pamoja na kanuni zilizotungwa chini yake. Mwanajeshi anayeona kwamba mafao yake yamekokotolewa vibaya, kwamba miaka ya utumishi imepunguzwa au kwamba ulemavu wake haukutambuliwa kuwa umetokana na utumishi, huanza kwa kupeleka malalamiko ndani ya mfumo uleule uliotoa uamuzi. Hatua hiyo ina manufaa, kwa kuwa makosa mengi ya hesabu yanaweza kurekebishwa na ofisi iliyoyafanya. Swali linalojitokeza ni mdai aende wapi iwapo ofisi hiyo itashikilia uamuzi wake.

Njia inayotumiwa na wafanyakazi wengine imefungwa kwake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inawaondoa waziwazi wanajeshi wa JWTZ, askari wa Polisi na Magereza pamoja na walio katika Jeshi la Kujenga Taifa. Kwa sababu hiyo, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo mlinzi wa kampuni binafsi anaweza kuiendea bila wakili, haiwezi kulisikiliza dai la mwanajeshi dhidi ya mwajiri wake.

Mahakama Kuu inabaki wazi kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mapitio ya mahakama, ambapo mdai huomba uamuzi wa mamlaka utenguliwe au mamlaka ilazimishwe kutekeleza wajibu wake. Kibali cha kufungua maombi hayo lazima kiombwe ndani ya miezi 6, na Mahakama huangalia zaidi iwapo uamuzi ulifikiwa kihalali kuliko iwapo ulikuwa sahihi. Mstaafu anayesema kwamba goti lake liliumia kazini hapati nafasi ya kweli ya kujadili goti hilo. Njia ya pili ni kuishtaki Serikali kwa kesi ya madai, baada ya kutoa notisi ya siku 90 kwa mujibu wa Sheria ya Mashauri ya Serikali, Sura ya 5. Zamani njia hiyo ilihitaji pia ridhaa ya Serikali yenyewe. Sharti hilo lilibatilishwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1993 katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, kwa kuwa lilikiuka Katiba. Mlango ulifunguliwa kisheria, lakini umbali wa kuufikia haukupungua. Kabla masjala ya Mahakama Kuu haijaanza kazi Kigoma, mashauri ya mkoa huo yalipelekwa Tabora. Hata sasa, mdai wa Kibondo husafiri zaidi ya kilomita 200 hadi mjini Kigoma, na kuahirishwa kwa shauri mara moja humgharimu safari nyingine kama hiyo.

Njia nyingine ni Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, inayoweza kuchunguza malalamiko dhidi ya mamlaka za umma. Hata hivyo, kazi yake ya msingi ni kuchunguza, kusuluhisha na kupendekeza. Mdai wa pensheni anahitaji uamuzi unaomfunga mlipaji.

Madhara ya kukosekana kwa chombo mahususi yanaonekana katika suala la wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ingawa hao hawakuwa wanajeshi. Jumuiya hiyo ilivunjika mwaka 1977. Makubaliano ya kugawana mali na madeni yalitiwa saini mwaka 1984. Wastaafu wa Tanzania walifungua shauri Mahakama Kuu mwaka 2003 na hati ya makubaliano ikafikiwa mwaka 2005. Hata baada ya hapo, malalamiko ya waliosema hawakulipwa au walipunjwa yaliendelea kwa miaka kadhaa. Mtu aliyekuwa na miaka 50 Jumuiya ilipovunjika alikuwa na miaka 78 hati hiyo ilipotiwa saini. Pensheni ni malipo ya uzeeni, na kuchelewa kwake hupunguza idadi ya wanaobaki hai kuipokea.

3.0 Pensheni: hisani au haki

Kabla ya kuuliza rufani iende wapi, ni lazima kuuliza iwapo kuna haki ya kukatiwa rufani. Sheria za pensheni za makoloni ya Uingereza kwa kawaida zilitamka kwamba mtumishi hakuwa na haki kamili ya kudai pensheni. Alipewa kwa hiari ya mtawala. Chini ya mtazamo huo, uamuzi wa kumnyima mtu pensheni ulilingana na uamuzi wa kumnyima zawadi, na anayenyimwa zawadi hana pa kulalamikia.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inatoa msingi tofauti. Ibara ya 11 inaitaka Serikali iweke utaratibu wa kumwezesha mtu kupata hifadhi katika uzee, maradhi na ulemavu. Ni kweli kwamba, kwa mujibu wa Ibara ya 7(2), masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi na mahakama moja kwa moja. Hata hivyo, Ibara ya 13(6)(a) inayohusu haki ya kusikilizwa na haki ya kukata rufani au kupata nafuu nyingine ya kisheria haina kizuizi hicho, na haikomei kwenye maamuzi ya mahakama bali inagusa pia vyombo vingine vinavyoamua haki za mtu. Ibara ya 24 inalinda haki ya kumiliki mali, na ni vigumu kueleza ni kwa nini malipo yaliyotumikiwa kwa miaka 20 yasihesabiwe kuwa mali. Zikisomwa kwa pamoja, ibara hizi zinaonyesha kwamba baraza la rufani ni utekelezaji wa haki iliyokwisha kutambuliwa, wala si upendeleo kwa wanajeshi.

4.0 Jalada na mzigo wa uthibitisho

Ichukuliwe kwa mfano wa kufikirika kwamba mjane wa Kagerankanda anadai pensheni ya mrithi. Mumewe alitumika miaka 15, akaachishwa kwa sababu za kiafya na kufariki miaka kadhaa baadaye. Anajibiwa kwamba maradhi yaliyomuua mumewe hayakutokana na utumishi. Ili kulipinga jibu hilo, anahitaji taarifa za matibabu za kambini, kumbukumbu za uhamisho na ripoti ya bodi ya madaktari. Nyaraka zote hizo zimo katika jalada linalotunzwa na jeshi, upande anaobishana nao. Mikononi mwake ana cheti cha ndoa, cheti cha kifo na, pengine, picha ya mumewe akiwa amevaa sare. Mwamuzi awe huru kiasi gani, shauri hili litaamuliwa na jalada ambalo mrufani hajaliona.

Tatizo hili lina historia ndefu katika Afrika Mashariki. Miaka ya 1960, Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wazee waliotumika katika jeshi la Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, vita ambavyo viliifanya Kigoma yenyewe kuangukia mikononi mwa Wabelgiji mwaka 1916. Simulizi inayorudiwa mara nyingi inaeleza kwamba wazee walipokusanyika Mwanza, wachache tu walikuwa na vyeti. Mwakilishi wa mlipaji akampa kila mzee ufagio na kumwamuru, kwa Kijerumani, afanye gwaride la bunduki. Aliyelikumbuka alihesabiwa kuwa alikuwa askari kweli. Hata ikisomwa kwa tahadhari, simulizi hiyo ina fundisho la kisheria: karatasi inapokosekana, bado kuna ushahidi mwingine unaoweza kupimwa, ikiwa mwamuzi yuko tayari kuupima.

Uingereza ilijifunza jambo hilo kwa hatua. Sheria ya mwaka 1919 iliwapa walemavu wa vita na wajane haki ya kisheria ya kukata rufani, na ikayaondoa mabaraza ya rufani chini ya Wizara ya Pensheni na kuyaweka chini ya Lord Chancellor, mkuu wa mfumo wa mahakama. Kila baraza lilikuwa na mwanasheria, daktari na mwanajeshi aliyepata ulemavu. Uhuru wa kimuundo ulipatikana, lakini mdai aliendelea kubeba mzigo wa kuthibitisha kwamba ulemavu wake ulitokana na vita. Mwaka 1943 utaratibu huo ulibadilishwa: mdai hakutakiwa tena kuthibitisha chanzo cha ulemavu wake, na shaka ya msingi ilipaswa kumfaidi yeye. Badiliko la pili ndilo lililolipa badiliko la kwanza maana kwa mdai wa kawaida.

Marekani inatoa fundisho jingine. Kuanzia mwaka 1933 kulikuwa na bodi ya rufani za wanajeshi wastaafu, lakini bodi hiyo ilikuwa ndani ya mamlaka ileile iliyotoa maamuzi. Ni mwaka 1988, miaka 55 baadaye, ndipo Bunge la nchi hiyo lilipounda mahakama maalumu nje ya mamlaka hiyo. India iliunda baraza la majeshi kwa sheria ya mwaka 2007, likiwa na majaji na maofisa waandamizi wastaafu pamoja na masjala katika majimbo mbalimbali. Ukosoaji mkubwa unaolikabili ni uhaba wa nguvu za kulazimisha maamuzi yake yatekelezwe. Afrika Kusini, kwa Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya mwaka 2011, iliweka bodi ya rufani, lakini Waziri anayesimamia mafao ndiye anayeiunda. Kwa ujumla, mifano hii inaonyesha maswali matano ya kuuliza kuhusu baraza lolote: nani anateua, nani anashika jalada, nani anathibitisha, linakaa wapi, na uamuzi unatekelezwaje.

5.0 Muundo unaopendekezwa

5.1 Uteuzi na wajumbe. Baraza liundwe kwa sheria ya Bunge, si kwa kanuni za Waziri, ili lisiweze kufutwa na mamlaka ambayo maamuzi yake yanapingwa. Mwenyekiti awe mtu mwenye sifa za kuteuliwa kuwa Jaji, na jina lake lipitie Tume ya Utumishi wa Mahakama. Akae pamoja na daktari na mwanajeshi mstaafu asiye na uhusiano wa kikazi na jeshi. Mjumbe wa tatu ni muhimu kwa kuwa ndiye anayejua namna kumbukumbu za kambini zinavyoandikwa na, zaidi ya hapo, zisivyoandikwa.

5.2 Jalada. Mlipaji alazimike kuwasilisha nakala kamili ya jalada kwa baraza na kwa mrufani ndani ya muda uliowekwa. Sehemu zenye siri za ulinzi ziwasilishwe kwa mwenyekiti peke yake, naye aamue zifichwe kwa kiwango gani. Jalada lisipowasilishwa bila sababu ya kutosha, baraza liruhusiwe kuyachukulia maelezo ya mrufani kuwa ya kweli, mradi tu yasipingane na mambo yaliyothibitishwa.

5.3 Ushahidi. Mrufani atakiwe kuonyesha tu kwamba alitumika na kwamba dai lake linawezekana. Baada ya hapo, mlipaji ndiye athibitishe kinyume chake. Baraza lipokee ushahidi wa mdomo wa wenzake wa kikosi, kumbukumbu za serikali ya kijiji, barua, picha na alama za majeraha. Jambo hili lina uzito mahususi Kigoma, kwa kuwa Operesheni Kigoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, na wilaya zenyewe zimegawanywa tena tangu wakati huo. Anwani iliyoandikwa wakati wa kuandikishwa inaweza kutaja mahali pasipokuwapo tena kwa jina hilo, na tofauti ya namna hiyo isitumike kumkana mtu.

5.4 Mahali na lugha. Baraza liwe la kuzunguka na likae Kasulu na Kibondo kwa vipindi vinavyotangazwa mapema. Lisikae Mtabila wala Kanembwa, hata kama kambi hizo zina kumbi bora, kwa kuwa mjane anayepita kizuizi cha mlinzi ili kulalamikia jeshi hawezi kuamini kwamba amefika mahali pasipo na upande. Kumbi za Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya, yaliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2002, zinafaa zaidi. Wakazi wa Kagerankanda tayari wanajua maana ya kwenda barazani. Kiswahili, ambacho tangu marekebisho ya mwaka 2021 ndicho lugha ya mahakama, kitumike, na mkalimani wa Kiha awepo kwa wazee wanaomhitaji. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 waruhusiwe kuwaandalia warufani maelezo yao.

5.5 Utekelezaji. Uamuzi wa baraza usajiliwe kama tuzo ya Mahakama Kuu, utaje tarehe ya malipo, na rufani zaidi iruhusiwe kwa hoja za kisheria pekee. Mrufani akifariki shauri likiendelea, mrithi aendelee nalo bila kuanza upya.

6.0 Pingamizi na mipaka

Pingamizi la kwanza ni usiri wa jeshi. Pingamizi hili lina uzito, lakini madai mengi ya pensheni yanahusu tarehe, vyeo, hesabu na maradhi, wala hayahusu mipango ya ulinzi. Utaratibu wa mwenyekiti kusoma sehemu za siri peke yake unatosha kwa machache yanayobaki.

Pingamizi la pili ni gharama. Tanzania imekwisha kukubali kwamba baadhi ya migogoro inastahili vyombo maalumu: Bodi na Baraza la Rufani za Kodi vilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2000 ili mlipakodi apate pa kupinga hesabu za Serikali. Ni vigumu kutetea hali ambapo mfanyabiashara anayedaiwa na Serikali ana baraza maalumu, na mwanajeshi anayeidai Serikali hana.

Pingamizi la tatu ndilo gumu zaidi, nalo linahusu askari wa mgambo. Baraza la rufani haliumbi haki mpya. Linaamua iwapo mtu anaingia katika haki iliyowekwa na sheria. Mgambo aliyepigana mwaka 1979 na kurudi Kasulu bila cheti anaweza kushinda hoja ya kwamba alipigana, na bado akashindwa kupata pensheni kwa kuwa sheria haikumkusudia. Kumwambia kwamba baraza litamaliza tatizo lake ni kumdanganya. Hata hivyo, uamuzi wa wazi unaothibitisha utumishi wake una thamani: unaliwekea Bunge kumbukumbu ya watu wangapi wameachwa nje, na kwa sababu gani. Kwa hiyo inapendekezwa kwamba baraza lipewe mamlaka ya kutoa tamko la utumishi hata pale lisipoweza kuamuru malipo, na litoe taarifa ya matamko hayo bungeni kila mwaka.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mwanajeshi mstaafu wa Tanzania hana chombo huru kilicho karibu naye cha kupinga uamuzi wa pensheni. Kwamba Katiba inatoa msingi wa kuwa nacho. Na kwamba uzoefu wa nchi nyingine unatahadharisha dhidi ya kuridhika na uteuzi huru wa wajumbe pekee. Jalada lazima lifunguliwe, mzigo wa uthibitisho lazima uhamishwe, na kikao lazima kifanyike mahali anapoweza kufika mtu asiye na nauli ya kwenda Tabora au Dodoma. Hatua ya kwanza ya kisera haihitaji kusubiri muswada: mamlaka inayolipa inaweza kuanza kumpatia kila mdai aliyekataliwa sababu za maandishi pamoja na nakala ya jalada lake. Mjane wa Kagerankanda akiwa na karatasi hizo mkononi atakuwa na kitu cha kupinga siku baraza litakapoundwa.